Ziwa, divai na kibali cha siku moja

Mwezi wa kumi nilipelekwa kutalii. Najua sentensi hiyo inachekesha ukiisoma ukiwa Dzaleka, maana huku sisi ndio tunaotembelewa. Wageni wanashuka kwenye gari jeupe, wanaangalia, wanapiga picha, wanaondoka kabla ya jioni. Safari hii ikawa kinyume. Shirika moja lililotufundisha kazi ya vijana kwa wiki mbili liliamua kufunga mafunzo kwa kutupeleka ziwani. Tulikuwa watu kumi na mmoja: sisi watano wa kambini na wageni sita kutoka Ulaya waliokuwa wanatufundisha. Walinunua safari iliyo tayari, ile wanayouziwa wageni wa Lilongwe. Unatoka asubuhi, unasimama mahali pa kutazama mandhari, unakula mchana ufukweni Senga Bay, unaonja divai, unaangalia jua likizama na taa za wavuvi zikiwaka, unarudi. Mwongozaji mmoja, dereva mmoja, na karatasi moja ya rangi inayoeleza kila kitu.

Katika kijarida hiki huwa tunaandika juu ya mashairi, filamu na ngoma za Tumaini. Mimi nataka kuandika juu ya ile safari kama mtu anavyoandika juu ya mchezo wa kuigiza. Ilikuwa na maneno yaliyopangwa, ilikuwa na mwigizaji, jukwaa lilikuwa basi dogo na baadaye ziwa, na watazamaji walilipa. Kitu kama hicho kinaweza kuhukumiwa. Kuna watu wataniambia, bana, umelishwa samaki bure halafu unalalamika. Samaki alikuwa mtamu sana, hilo nalikubali hapa mwanzoni.

Nianze na karatasi. Bei yake kwa mtu mmoja ilikuwa kubwa kuliko posho yangu ya mwezi, lakini hayo tuyaache, bei ni bei. Kilichonishika ni maneno. Nilikaa nayo kwenye kiti kutoka Dzaleka mpaka Lilongwe, kama kilomita 45, nikahesabu: neno la kutoroka lilitokea mara tatu. Toroka mji, toroka kelele, toroka kazi kwa siku moja. Dada mmoja Mrundi aliyekaa pembeni yangu aliisoma akasema, "Hawa wanalipa ili watoroke?" Tukacheka mpaka dereva akageuka kutuangalia. Sisi tumetoroka kwa miguu, kwa mtumbwi, kwa lori la mahindi, na hakuna aliyetupa karatasi ya rangi.

Karatasi ilikosa pia jambo moja ambalo kwa watu watano kati ya kumi na mmoja lilikuwa kubwa kuliko yote. Sisi tulikuwa na kibali cha siku moja. Kinasema unatoka lini na unarudi lini. Kwa asiyejua: Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu mambo kama ajira na uhuru wa kutembea. Ndiyo maana tunaishi kambini na tunaomba ruhusa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2023 ndugu zetu wengi waliokuwa na maduka Lilongwe na miji mingine waliamriwa kurudi hapa, na kuanzia mwezi wa tano wakaanza kurudishwa kwa nguvu. Kambi iliyopangwa kwa watu kati ya 10,000 na 14,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Kwa hiyo mtu wa Dzaleka akiingia kwenye basi la kitalii, saa ya kurudi inaingia naye. Nitarudi kwenye saa hiyo.

Kutoka Lilongwe hadi Salima ni kama kilomita 100, na barabara inashuka. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya 500. Masikio yanaziba kidogo, joto linapanda, miti inabadilika mpaka unaanza kuona mibuyu. Ni kipande kizuri cha njia na hakihitaji kuongezewa chumvi. Kabla ya mteremko basi likasimama. Karatasi ilisema kwamba hapo utaona bonde lote na, hali ya hewa ikiruhusu, ziwa. Hali ya hewa haikuruhusu. Ulikuwa ule utusitusi wa mwezi wa kumi, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kila mtu huku anaujua. Mwongozaji akanyoosha mkono kwenye moshi akasema, "Kule ni ziwa." Tukageuka wote. Akaendelea na maneno yake yote bila kupunguza hata moja: ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika baada ya Victoria na Tanganyika, urefu kilomita kama 580, aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote duniani. Mgeni mmoja alipiga picha ya ule moshi.

Hapo nilimpa mwongozaji alama ya chini. Namba zake zilikuwa za kweli, zile zinafundishwa shule. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuangalia kilichokuwa mbele yake. Kilichokuwa mbele yetu ni vijana wawili wanaouza mbewa, wale panya wa shamba waliokaushwa na kupangwa kwenye vijiti. Wageni waliwaona mara moja, mmoja akashika mdomo, mwingine akatoa simu. Mwongozaji akasema kwa Kiingereza, msiwajali. Sasa wewe unalipwa kueleza nchi, nchi inakuja na vijiti viwili mkononi, wewe unasema msiwajali? Angeweza kueleza jinsi wanavyowatega baada ya mavuno, na kwamba kuna Wamalawi wengi kwao hiyo ni nyama ya utotoni. Kijana mmoja alituuliza sisi watano kwa Chichewa kama na sisi ni alendo. Neno hilo ni kama "wageni" kwetu, linabeba mtu anayekuja kutembea na mtu asiye wa hapa. Tukajibu ndiyo. Tukanunua kijiti kimoja, kaka yetu mmoja akala mbele ya wageni kwa makusudi.

Basi tukashuka, tukapita Salima mjini, halafu kama kilomita 20 mpaka Senga Bay.

Hapa lazima niseme habari zangu kidogo, kwa sababu mhakiki naye anakuja na macho yake. Mimi ni wa Baraka, ziwa Tanganyika. Nilikuwa na miaka saba tulipovuka usiku kwenda Kigoma. Sikumbuki mengi ila taa: wavuvi wa ndagala walikuwa kazini, taa zimetapakaa juu ya maji, na sisi tulikuwa tunapita katikati yao bila kuwasha yetu. Mama alinifunika kichwa na kitenge nisikohoe. Tangu siku ile nilikuwa sijashika maji ya ziwa kwa mkono. Tulipofika Karonga na lori, eti ziwa la Malawi lilikuwa upande wa kushoto muda wote, lakini nilikuwa nimelala. Kwa hiyo pale Senga Bay niliposhuka, nilivua viatu, nikaingia mpaka magoti na suruali yangu ya mafunzo. Sikulia. Nataka iandikwe, kwa sababu wale wageni walikuwa wananiangalia kama wanaosubiri.

Maji yale yalikuwa vuguvugu, na harufu ilikuwa ile ile ya kwetu, samaki na majani yaliyooza na sabuni ya watu wanaofua. Maziwa haya mawili ni ndugu, yamelala kwenye ufa mmoja mkubwa wa ardhi. Letu lina kina zaidi, linapita mita 1,400, hili lina kama 700. Mwongozaji alitaja Bonde la Ufa kwa sentensi moja, haraka. Kitu kingine ambacho hakutaja kabisa ni kichocho. Mama mmoja kati ya wageni, nesi wa zamani, ndiye aliyetuambia polepole tujifute vizuri na tuulize dawa kliniki baadaye. Karatasi ya rangi haina nafasi ya kichocho, naelewa, lakini wanaokaa ufukweni pale wanacho, na watoto walikuwa wamejaa majini hatua hamsini kutoka kwetu.

Baadaye chini ya mti, akionyesha kisiwa cha Namalenje, ambacho wageni wanakiita Lizard Island kwa sababu ya kenge wake, mwongozaji alitoa historia. Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri. Livingstone alifika ziwani 1859, akauliza jina lake, akaambiwa nyasa, maana yake ziwa tu, akaliita ziwa Nyasa, yaani ziwa la ziwa. Watu walicheka. Livingstone akaliita pia ziwa la nyota. Livingstone alichukia biashara ya watumwa. Livingstone hivi, Livingstone vile. Nilihesabu mara tisa. James Chuma hakutajwa hata mara moja, wakati huyo ni mtoto wa Kiyao wa upande huu huu, aliyefunguliwa kutoka kwenye msafara wa watumwa 1861, na ndiye pamoja na Abdullah Susi na wenzao waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa pili 1874. Kama hadithi yako ni Livingstone, haya, lakini usimwache njiani aliyembeba.

Ila lililoniuma zaidi ni neno moja. Alisema watumwa walichukuliwa na "Waarabu", akapita. Mimi najua kidogo, kwa sababu nilisoma hapa sekondari na mwalimu wetu wa historia alikuwa hapendi kupita haraka. Nkhotakota, juu kidogo ya ufuko huo huo, Salim bin Abdallah kutoka pwani alijenga kituo chake miaka ya 1840. Yeye na waliomfuata waliitwa Jumbe. Watu walikamatwa bara, wakavushwa ziwa kwa majahazi, wakatembezwa mpaka Kilwa. Wakubwa wa hapa hapa, na machifu wa Kiyao, nao walikuwa ndani ya hiyo biashara. Livingstone mwenyewe alikutana na Jumbe. Na lugha waliyokuwa wanatumia kwenye hayo majahazi ni hii ninayoandika sasa. Kiswahili kilifika ziwa Nyasa na misafara. Kwetu Tanganyika, Manyema, Kasongo, kilifika na misafara hiyo hiyo ya watu wa pwani, pembe za ndovu na minyororo. Leo ndiyo lugha ya mama zetu, tunaombea, tunatongozea, tunagombania bomba la maji. Watu wa Chichewa hapa wakitusikia tunaongea Kiswahili wengine wanasema ni lugha ya wajanja. Mwongozaji angesema hiyo habari ya Jumbe, sisi watano tusingekaa raha kwenye viti vyetu, na ingekuwa sawa. Hadithi inayomweka mbaya wote upande mmoja na mwema mmoja upande mwingine inawaacha watazamaji wakila karanga.

Tulikula. Chambo wa kukaanga, chipsi, saladi. Halafu ikaja divai.

Neno lenyewe kwanza. Nyumbani Baraka tulisema vinyo. Kanisani padri alisema divai. Watanzania wanaandika mvinyo. Nilikuja kuambiwa kwamba vinyo na mvinyo zimetoka kwa Wareno, na divai ni Kifaransa kilichomezwa mzima mzima, du vin, labda kwa mdomo wa wamisionari. Kwa hiyo hata kabla ya kuonja, chupa ilikuwa imeshapita kwenye midomo ya watu wengi. Kati yetu watano, wawili hawanywi kwa ajili ya kanisa, mmoja ni Mwislamu. Hao walipewa Sobo ya machungwa kwenye glasi zile zile ndefu, wakazinusa kwa heshima kama wengine. Nilipenda sana hapo.

Chupa zilikuwa nne. Moja ya matunda, iliyotengenezwa humu humu Malawi. Tatu za Afrika Kusini. Mwongozaji alifundishwa jinsi ya kuongea juu ya divai, hilo lilionekana. Zungusha glasi, nusa, weka mdomoni, subiri. Akatuambia tutasikia harufu ya ngozi na ya tunda fulani jeusi la Ulaya ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Nina shaka hata yeye. Wageni wakaitikia, eeh, kweli, ngozi. Yule dada Mrundi akasema kwa Kiswahili, "Mimi nasikia sanduku la bibi. Lile la mbao, la vitenge vya zamani." Nikatafsiri. Kaka aliyekula panya akasema masuku, yale matunda ya porini yanayouzwa barabarani kuanzia mwezi huu, yakiwa yameiva kupita kiasi ndani ya ndoo. Nikatafsiri. Mgeni mmoja akanusa tena akasema ndiyo, kuna kitu kama mbao na kitambaa. Kwa dakika chache meza ikawa meza. Watu waliacha kutafuta jibu lililo kwenye karatasi wakaanza kutafuta kwenye kumbukumbu zao. Kama mimi ningekuwa mwenye kampuni, hapo ndipo ningemwambia mwongozaji anyamaze asikilize.

Chupa ya nne ilitoka Franschhoek. Mwongozaji alisoma nyuma ya chupa: bonde hilo lilianzishwa na walowezi wa Kifaransa mwaka 1688, jina lake maana yake kona ya Wafaransa, walileta ujuzi wa zabibu. Nikauliza, kwa kuwa kazi yangu na vijana imenizoesha kuuliza, hao Wafaransa walifuata nini mbali hivyo? Akasema walikuja kulima. Yule mama nesi, ambaye ni Mholanzi, akaweka glasi chini. Akasema walikuwa wakimbizi.

Akatueleza, na baadaye nimesoma zaidi. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 alifuta amri iliyokuwa inawaruhusu Waprotestanti kuabudu Ufaransa. Makanisa yakabomolewa, watu wakakimbilia Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, wengi kwa siri kwa sababu kutoka nchini kulikatazwa. Kama 200 hivi walipelekwa Rasi ya Tumaini Jema na kampuni ya Kiholanzi. Na kampuni ikawapa ardhi. Hili ndilo lililotufanya tuangaliane. Walifika na vifurushi, wakapewa mashamba, mbegu na vifaa, wakaambiwa limeni. Miaka zaidi ya 300 baadaye divai yao inaonjwa Senga Bay na mkimbizi ambaye hapa haruhusiwi kumiliki shamba wala kufungua kioski Lilongwe.

Ningeweza kuishia hapo na ningepigiwa makofi kwenye jukwaa la Tumaini. Lakini ingekuwa kufanya kosa lile lile la mwongozaji. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe, Wakhoikhoi, ambao hawakuulizwa. Na waliolima mizabibu ya Rasi kwa muda mrefu walikuwa watumwa, walioletwa kutoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia, na Msumbiji, ng'ambo hii tu. Kwa hiyo wakimbizi walipewa nafasi, na nafasi hiyo ilikatwa kwenye mwili wa wengine. Sijui niiweke wapi habari hiyo. Nataka kupewa nafasi. Na majirani zetu Wachewa wa Dowa wana mashamba madogo, wanatuangalia kila siku, wanajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote wa shirika.

Mwongozaji alifunga chupa. Alikuwa amekasirika kidogo, nadhani, kwa sababu sehemu yake ya divai ilichukuliwa na mtu mwingine. Nilimfuata alipokwenda kuvuta sigara kwenye mitumbwi, nikamwomba radhi kwa Chichewa. Akatingisha kichwa. Halafu akaanza kuongea, na naomba msomaji usikilize, kwa sababu hapo ndipo nilibadilisha alama.

Aliniambia baba yake alikuwa mvuvi. Walipokuwa watoto, chambo walikuwa wanakula wenyewe nyumbani, sio siku ya sikukuu. Sasa nyavu zimekuwa nyingi na macho yake madogo, hadi vyandarua vya mbu vinatumika, vifaranga vinazolewa kabla ya kukua, chambo wamepungua, na yule niliyekula mchana anaweza kuwa amefugwa kwenye kizimba. Kinachobaki kwa watu ni usipa, vile visamaki vidogo vya kuanika, ndugu wa ndagala yetu. Alinionyesha vichanja vya kuanikia, akanieleza jinsi wanavyovua usiku usio na mwezi kwa taa, jinsi baba yake aliuza mtumbwi, na yeye akajifunza Kiingereza cha hoteli. Alieleza kwa dakika kumi labda. Hakuzungusha mikono. Hakusema Livingstone. Ilikuwa simulizi bora ya siku nzima na waliolipa hawakuisikia. Nikamuuliza mbona hayo huwaambii wageni? Akajibu, "Wanakuja kupumzika, mchimwene wanga." Mchimwene ni kaka, kwa Chichewa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuniita hivyo, asubuhi nilikuwa bwana.

Jibu hilo nalijua. Nalijua kwa sababu na mimi ni mwongozaji. Wakati wa Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa 2014 na Menes la Plume, mshairi aliyeishi hapa hapa na sisi, wageni wanakuja kwa maelfu, wengine wanalala kwenye nyumba zetu, na vijana kama mimi tunawatembeza. Nina maneno yangu. Naanza na jina: Dzaleka ilikuwa gereza la Kamuzu Banda la wafungwa wa siasa, na jina linatokana na kusema sitarudia tena. Hapo nanyamaza kidogo ili wapate kuhisi. Halafu nasema 1994 ikawa kambi. Halafu nawapeleka mitaani, nawaambia mitaa yetu ina majina ya Zomba, Karonga, Likuni, wanacheka vizuri, kwa sababu tunaishi kwenye majina ya mahali tusipoweza kwenda bila karatasi. Soko, mshona nguo wa Kikongo, kahawa ya Kiethiopia, watoto wa ngoma za Burundi. Mwisho nawapandisha juu kidogo, mahali unapoona mabati yote yanang'aa, wapige picha. Mahali pangu pa kutazama mandhari.

Siwaonyeshi foleni ya mgao. Siwaonyeshi yule mzee wa mtaa wetu ambaye hatoki ndani tangu kesi yake ya kupelekwa nchi ya tatu ilipofungwa. Siwaelezi vijana wangu wa klabu wanakwenda wapi usiku. Nasema najali heshima ya watu, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba wanakuja kwenye tamasha, na mgeni akihuzunika hanunui kitenge. Kwa hiyo nikimnyooshea kidole yule kaka wa Senga Bay, vidole vitatu viko kwangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye akimaliza kazi anapanda minibasi kwenda kwao.

Nimefikiria pia kama mtu anaweza kutembeza wageni vizuri kabisa. Mua, upande wa Dedza, kwenye misheni, kuna kituo cha Kungoni kilichoanzishwa 1976 na padri Boucher, kina makumbusho ya mila za Wachewa, Wayao na Wangoni, na vinyago vya Gule Wamkulu. Sijafika. Waliofika wananiambia kwamba pale mtu anakueleza kinyago kimoja kwa muda mrefu mpaka unachoka, na ukichoka anaendelea. Naona hiyo ni njia. Vitu vichache, mpaka mwisho. Safari yetu ilitaka ziwa, kisiwa, Livingstone, divai nne na machweo ndani ya saa tano.

Na machweo hatukuyapata. Ile saa niliyosema nitairudia ndiyo hii. Kilele cha safari, kwa karatasi, ni jua kuzama na mitumbwi ya usipa kuwasha taa, ziwa la nyota lenyewe. Picha yake iko kwenye ukurasa wa mbele. Saa tisa na nusu yule dada wa shirika alianza kuangalia simu yake. Saa kumi kasoro akamwita dereva. Kibali chetu kilikuwa kinaisha jioni, na kutoka Senga Bay mpaka Dzaleka si karibu. Wageni sita walikuwa na haki ya kubaki, walikuwa wamelipiwa, lakini basi lilikuwa moja. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Mmoja aliuliza kwa upole kama sisi tusingeweza kupewa gari jingine, halafu akaona alichosema, akawa mwekundu. Mwongozaji alirukia mwisho wa maneno yake, akatueleza machweo tukiwa tumeshafunga mlango wa basi, jua bado liko juu, kali kabisa, linatuchoma shingo kupitia kioo. Alieleza vizuri. Nilimwangalia kwenye kioo cha dereva, na nilijua anaona taa za baba yake.

Nilinunua usipa wa kwacha elfu mbili pale njia panda. Mama aliwanusa, akasema ni wadogo kuliko wetu na wamekaushwa na mchanga. Alikula wote.

Shirika limetuma fomu ya maoni, linauliza safari iboreshwe vipi. Nimeandika mambo mawili. Mwongozaji alipwe kwa kusimulia habari ya chambo, palepale kwenye vichanja, kabla ya divai. Na mwakani ombeni kibali cha kulala.